Jina Nililoliitikia

Hapa Nyarugusu wananiita Afande, na wanadhani mimi ni mtu jasiri. Ninasimamia karasha la mtu, ile mashine inayoponda mawe ya dhahabu mpaka yanakuwa unga, na wachimbaji wakigombania zamu ya kusaga huniita mimi niamue. Wamesikia nilitumikia jeshi mpaka nikastaafu, basi hunipisha njia. Siwakatalii. Lakini ukweli ni kwamba mimi ni mwoga, nimekuwa mwoga tangu utotoni, na jeshini sikufundishwa kuacha kuogopa. Nilifundishwa kuogopa nikiwa nimesimama wima. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwangu kicheko kilikuja kweli, kikakaa miaka mingi. Kilio kilikwenda kwa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyekipeleka kwake.

Mke wa mtu huyo alinijia asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa nimejaa vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Sikumtambua. Mara ya mwisho nilimwona siku ya harusi yake, msichana mnene mwenye aibu, na sasa alikuwa mama mkavu aliyefunga kanga mbili na kushika bahasha ya kaki kifuani kama mtoto mchanga.

"Shemeji," alisema, "nimetoka Songwa jana. Mwenzio kanituma."

Nilijua kabla hajaendelea. Nilimwambia kijana wangu azime mashine, halafu nikajuta, maana kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele.

Alinieleza akiwa amekaa juu ya kiroba cha mawe. Mume wake, ambaye tuliingia jeshini siku moja na kulala vitanda vya jirani miaka sita, sasa hasikii kabisa. Kichwa humzunguka akaanguka popote alipo. Mwaka juzi alianguka kwenye moto wa jikoni, mkono wa kushoto ukaungua. Hawezi kuachwa peke yake na ng'ombe, hawezi kupanda baiskeli, hawezi kuvuka barabara. Alikuwa ameomba jeshi limtambue kuwa aliumia kazini, ili atibiwe hospitali ya jeshi na alipwe pensheni ya ulemavu. Mara mbili alikataliwa. Barua ya mara hii ilisema ni rufaa ya mwisho: alete maelezo ya maandishi ya askari wawili waliokuwa naye siku ya tukio, la sivyo jalada lifungwe.

"Anasema wewe ulikuwepo," shemeji aliniambia. "Anasema hata wengine wote wakisahau, wewe hutasahau, gete, kweli kabisa."

Ni kweli sijasahau. Bora nieleze sasa hivi, maana nikichelewesha nitatafuta njia ya kuizunguka.

Tulikuwa kwenye mafunzo ya ulipuaji, porini, kikosi chetu kikiwa bado kichanga. Utaratibu ulikuwa rahisi: mnachimba shimo, baruti inawekwa, wote mnarudi nyuma ya kilima kidogo tulichokiita mstari wa usalama, sajenti anaita majina, kila mtu anaitika, kisha luteni anatoa amri ya kulipua. Hakuna amri mpaka majina yote yameitikiwa. Siku ile mwenzangu alisahau sururu shimoni. Kupoteza chombo cha jeshi kulikuwa na adhabu ambayo sitaki kuielezea, na alikuwa ameshaonja adhabu nyingine wiki hiyo hiyo. Alinipita mbio akirudi chini, hakusema kitu. Nilidhani anarudi mara moja.

Jina lake likaitwa. Hakuwepo. Na mimi, mwoga, ambaye moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumwogopea, nikainamisha kichwa nyuma ya mgongo wa aliye mbele yangu, nikaibana sauti iwe nyembamba kama yake, nikaitika.

Sikuwa nimebuni jambo geni. Kuitikiana majina kulikuwa desturi yetu. Mtu akichelewa kutoka chooni, akilala kupita kiasi, mwenzake anamwitikia. Tuliuita undugu, na kila mmoja alishaufanya na kufanyiwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri kwamba jina si la kupanga mstari tu, kwamba siku moja mtu angelitegemea kujua kama pale chini kuna mtu hai.

Baruti ikalipuka. Tulimkuta amekaa kwenye mteremko, sururu mapajani, damu ikitoka masikio yote mawili, anatutazama midomo. Sajenti aliogopa kuliko sisi. Aliandika kwamba askari huyo aliteleza na kuanguka jioni baada ya mazoezi kwisha. Daftari la majina likabaki kama lilivyo: aliitika, alikuwa salama nyuma ya kilima. Sajenti ameshafariki, na daftari bado lipo.

Kwa hiyo kila alipodai kwamba mlipuko ndio uliomharibu masikio, walimfungulia daftari. Hukuwa pale, walimjibu. Uliitika.

Kwamba aliyeitika ni mimi, shemeji hakujua, wala mume wake. Aliniachia bahasha, akanywa chai, akaondoka na pikipiki ya kwenda kupanda gari. Mimi niliiwasha mashine nikasimama karibu nayo kuliko kawaida, ili nisisikie ninachofikiri.

Siku ya tatu nikaenda Kahama kwa mwenzetu mwingine, koplo wa zamani, ambaye sasa analinda ghala la vipuri upande wa Buzwagi. Yeye alikuwa na mwandiko mzuri kuliko kikosi kizima. Enzi zetu, askari wakitakiwa kutoa maelezo ya jambo lolote, yeye aliandika, sisi tukanakili neno kwa neno na kuweka saini zetu. Hivyo ndivyo tulivyojua maelezo huandikwa: wote mseme kitu kimoja, asipatikane wa kumgeuka mwenzake. Na siku ile ya mlipuko yeye ndiye aliyekuwa mgongo ule niliojificha nyuma yake. Alisikia. Hatukuwahi kulizungumza.

"Hatuandiki hayo," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Utaandika ulimwitikia, halafu? Wewe una pensheni. Mimi ninayo. Watauliza nani mwingine alisikia."

"Sasa tuandike nini?"

"Tuandike ni askari mwema, mtiifu, alikuwa mzima wa afya siku ile, baadaye akaugua. Wakubwa wana huruma, watamsaidia."

Aliandika ukurasa mzima, mwandiko ukiwa bado mzuri, nami nikanakili juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilijiona nimetimiza wajibu na sijaguswa hata unywele. Njiani nilinunua nyama kilo moja kwa ajili ya nyumbani, kitu ambacho sifanyi katikati ya wiki.

Hazikupita wiki nyingi shemeji akanipigia simu. Alikuwa ameitwa ofisini Shinyanga akarudishiwa karatasi zetu. Hakulia. Alisoma tu kwa sauti ya mtu anayesoma bei dukani: maelezo ya mashahidi wote wawili yanafanana kwa kila neno, na wote wawili wanasema walikuwa wamesimama kulia kwa mdai nyuma ya mstari wa usalama.

"Shemeji," aliniuliza, "mtu mmoja ana kulia ngapi?"

Nilikaa chini. Koplo aliandika tulisimama kulia kwake, na mimi nikanakili hivyo hivyo bila kufikiri, kama nilivyozoea. Maana yake tulikuwa tumethibitisha, kwa saini zetu mbili, kwamba mwenzetu alikuwa nyuma ya kilima. Daftari lilikuwa shahidi mmoja dhidi yake, sasa mashahidi wamekuwa watatu. Ofisi ilimpa nafasi moja tu: mashahidi waje wenyewe, kila mmoja ahojiwe peke yake. Nilipompigia koplo, simu iliita mpaka ikakata, na kesho yake ilikuwa haipatikani.

Nitasema wazi jinsi nilivyoogopa, kwa sababu watu wengi huandika ujasiri wao na woga huachwa hauna msemaji. Niliogopa kunyang'anywa pensheni. Niliogopa kushitakiwa, mzee mzima, mbele ya vijana wenye nyota mabegani. Niliogopa mke wangu ajue ameishi na mtu wa namna gani. Nilianza kuhesabu watu bila sababu: kila kijana aliyeshuka kwenye duara la dhahabu kuchimba nilimtazama mpaka atoke, na mmoja akichelewa nilikwenda kwenye mdomo wa shimo nikaita mpaka wenzake wakanicheka. Mke wangu alinikuta nimekaa nyuma ya nyumba na bahasha ile mapajani.

"Baba, nani kafa?" aliuliza.

Nikamweleza. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumweleza maishani mwangu. Alisikiliza huku akichambua maharage, mkono haukusimama hata mara moja.

"Mbona sasa unaogopa wewe?" alisema mwishowe. "Anayeanguka kwenye moto ni nani?"

Jioni alininyooshea shati la kwenda safari.

Nilifika Songwa kabla ya siku ya mahojiano kwa sababu sikutaka mwenzangu asikie kutoka kwa afisa. Nasema asikie, lakini yeye hasikii hata radi. Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba, amenyoosha miguu, mkono wa moto umefunikwa na shati la mikono mirefu. Aliponiona alipiga ukelele wa furaha, sauti kubwa isiyojipima, kama watu wasiojisikia wanavyozungumza. Alinikumbatia. Alinuka sabuni na maziwa. Nilitamani aniache, maana kila kofi la upendo alilonipiga mgongoni lilinipa woga mpya.

Shemeji ndiye masikio yake. Humwandikia kwa chaki kwenye kibao kidogo cha shule, au humsemea polepole akamsoma midomo. Nilimwambia shemeji nimeandika maelezo mapya na ningependa mume wake ayasome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikampa. Yalikuwa nusu ukurasa. Sikunakili kwa mtu.

Alisoma huku kidole kikifuata mistari. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Ng'ombe walikuwa wakipita kwenda malishoni na mpwa wake akiwafokea, na yeye hakuinua uso.

"Kwa hiyo sikuitika," alisema.

Nikatikisa kichwa. Hukuitika.

"Sikuitika mimi." Alimgeukia mke wake. "Unaona? Niliwaambia. Nilikuwa chini, nilikuwa shimoni, niliwaambia wote."

Shemeji akashika mdomo. Baadaye ndipo aliponieleza. Waliposomewa daftari mara ya kwanza, mume wake alibisha kwamba alikuwa shimoni. Walipolisoma mara ya pili, alianza kusitasita. Karatasi ya serikali inasema aliitika, na kichwa kinamzunguka, basi huenda kichwa ndicho kinachomdanganya. Kaka zake wakachukua neno hilo hilo. Akisema ng'ombe fulani ameuzwa bila yeye kuulizwa, humwambia unasahau, kama ulivyosahau uliitika. Kwenye vikao vya ukoo waliacha kumpa nafasi ya kusema. Shemeji mwenyewe alimpeleka kwa mganga mara mbili kutibiwa kumbukumbu. Na yeye akaanza kuamini kwamba siku ile alikuwa nyuma ya kilima, ameitika kwa sauti yake, na kwamba lile shimo analolikumbuka ni wazimu.

Mimi nilidhani nimemnyima masikio. Sikujua kwamba miaka yote nilimnyima na akili yake.

Alikunja karatasi vizuri, akampa mke wake. Hakunitazama tena. Aliinuka akishikilia ukuta, akaenda polepole kuelekea zizini, na shemeji akamfuata hatua mbili nyuma, kama afanyavyo siku zote. Chakula kililetwa, nikala peke yangu. Nilitaka anitukane. Asubuhi kwenye gari la Shinyanga alikaa kiti cha mbele na sisi wawili nyuma, na safari nzima niliona kisogo chake tu. Niliomba Mungu gari liharibike.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni na meza mbili. Afisa alikuwa kapteni mwanamke, mdogo kuliko binti yangu mkubwa. Nilimpigia saluti bila kujijua, naye akaniamkia shikamoo, na hilo likanichanganya zaidi.

"Marahaba, afande," nilimjibu.

Alisoma maelezo yangu kimya. Kisha aliniuliza moja baada ya jingine: Nilisimama wapi? Nyuma ya nani? Niliona mdai akirudi shimoni kwa macho yangu? Nani alinituma niitike? Mbona sikusema siku ile? Mbona niliandika maelezo ya uongo mwanzoni? Nilijibu yote. Jasho lilinitoka mpaka nikaona aibu kuegemea kiti chake. Swali la mwisho nililijibu kwa neno moja: woga.

"Mzee, unaelewa kwamba haya yatakwenda pia kwenye jalada lako wewe?"

"Naelewa, afande."

Halafu akamgeuzia mwenzangu fomu. Kuna sehemu ambapo mdai anaruhusiwa kuongeza chochote kuhusu maelezo ya shahidi. Shemeji akamwonyesha kwa kidole. Mwenzangu akachukua kalamu, na tangu kusoma karatasi yangu siku iliyotangulia, hiyo ndiyo mara ya kwanza alinitazama usoni. Alinitazama muda mrefu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa swali lolote la kapteni, kwa sababu yeye alikuwa na haki ya kuandika lolote.

Aliandika mstari mmoja na nusu, akaisukuma fomu. Kapteni akaisoma kwa sauti.

"Shahidi asilaumiwe. Mimi mwenyewe nilimwomba aniitikie."

Shemeji alinitazama. Mwenzangu alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, kifua mbele, kama tulivyokaa tukipigwa picha vijana.

Kapteni alivua miwani. "Hili linabadilisha mambo," alisema. "Kama aliomba aitikiwe, basi aliivunja amri ya usalama kwa kupanga. Aliyejiumiza kwa kosa lake la makusudi, madai yake hayasimami." Alitutazama sote, kisha mimi. "Ni kweli alikuomba?"

Hapo ndipo nilipoujua woga wenyewe, ule ambao woga mwingine wote ulikuwa mtoto wake. Neno moja, ndiyo, na mimi niko huru: pensheni iko salama, jalada ni safi, na aliyenisafisha ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Nisingehitaji hata kusema. Ningenyamaza tu, kama nilivyonyamaza miaka yote. Nilimsikia koplo wa Kahama akiniambia hatuandiki hayo.

"Si kweli, afande," nilisema. "Hakuniomba. Alinipita mbio, hakusema kitu. Anataka kuniokoa tu, na hajui analojifanyia."

Kapteni alinikazia macho mpaka nikainamisha yangu. Akachukua kalamu, akaandika chini ya mstari wa mwenzangu, polepole, kisha akanigeuzia niweke saini. Saini yangu ikatoka kama ya mtoto.

"Daftari halina nguvu tena juu yake," alisema. "Nitaandika hivyo, na sidhani huko juu watanipinga. Ataitwa hospitali. Na wewe, mzee, utaitwa. Siwezi kukuambia ni lini wala kwa nini."

Mwenzangu alikuwa akituangalia midomo kwa zamu, kwangu, kwa kapteni, kwangu tena, na tulikuwa tumesema haraka mno kwa macho yake. Akamgusa mke wake begani.

"Amesema nini?" aliuliza kwa sauti iliyojaa chumba.

Shemeji alikuwa amesikia kila neno. Alinitazama mimi, akamtazama kapteni, ambaye alijifanya anatafuta muhuri. Kisha akamgeukia mume wake, akaliumba neno polepole ili alisome vizuri.

"Amesema wabeja."

Uso wake ukafunguka. Alinishika bega kwa ule mkono wa moto, akaniambia, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka getini, kwamba asante ya nini, askari hamwachi mwenzake. Nilipaswa kuchukua kibao cha chaki nikamwandikia ukweli pale pale. Niliogopa, nikamwitikia kwa kichwa.